Hodi Yenye Ushahidi: Kuongoza Timu ya Kuchangisha Mlango kwa Mlango

Ni nani mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Ni nani anayepanda daladala Dar es Salaam ambaye hajawahi kupitishiwa karatasi yenye muhuri usiosomeka, ya mgonjwa ambaye wodi yake haijulikani? Ukipeleka vijana sita Sinza au Mbagala leo, wakachangishie shirika halali lenye kazi njema, wanabisha hodi kwa watu ambao ama wameshatapeliwa wenyewe, ama wana ndugu aliyetapeliwa.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na ufasaha wa kuomba. Kijana mwenye maneno matamu asiye na uthibitisho hana tofauti na tapeli mwenye maneno matamu, na mwenye nyumba hana namna ya kuwatofautisha. Kazi ya kwanza ya kiongozi wa timu ni kumwezesha yule mama aliyesimama mlangoni na kanga yake begani athibitishe, pale pale, kwamba shilingi yake inakwenda inakosemwa. Hatua zote zinazofuata zinatumikia jambo hilo.

Kuchangishana kwetu ni jambo la zamani: msiba, harusi, paa la msikiti, kanda ya kanisa. Lakini katika michango hiyo mweka hazina unamjua, na nyumbani kwake unapajua. Timu ya vijana wanaolipwa, wenye eneo la siku, lengo la siku na kiongozi anayezunguka nao, ni utaratibu mwingine. Ulipata sura yake Marekani katika miaka ya 1970, na shirika la mazingira la Chicago, Citizens for a Better Environment, lilikuwa miongoni mwa waliouanzisha. Shirika hilo ndilo lililofikishana mahakamani na kijiji cha Schaumburg, nje kidogo ya Chicago, kilichotaka asilimia 75 ya makusanyo iende moja kwa moja kwenye jambo linalochangiwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba masharti hayo yanakiuka uhuru wa kujieleza. Katikati ya miaka ya 1990 Greenpeace ya Austria ikaupeleka utaratibu huo barabarani, vijana wakiwasimamisha wapita njia na kuwaandikisha kutoa kila mwezi. Sisi tunaupokea ukiwa na uzoefu wa watu wengine ndani yake, mzuri na mbaya, na hakuna sababu ya kurudia ule mbaya.

Ili maelezo yasielee hewani, nitachukua mfano mmoja hadi mwisho: shirika dogo la Dar es Salaam linalosaidia watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, hasa nauli na malazi ya akina mama wanaotoka mikoani kuwaleta watoto hospitali.

Hatua ya 1: Ruhusa, kuanzia wilayani hadi mtaani

Chukua nakala ya cheti cha usajili wa shirika, katiba yake, na barua inayoeleza mnachangisha nini, wapi, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, na majina ya wachangishaji wote. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye rejista ya mashirika yanayofanya kazi katika wilaya yake. Muulize wazi ni kibali gani kinahitajika kwa makusanyo ya hadharani, na pata jibu kwa maandishi. Kisha nenda kwa mtendaji wa kata, halafu kwa mwenyekiti na mtendaji wa serikali ya mtaa. Toa taarifa pia kituo cha polisi cha karibu.

Wengi huishia wilayani na kudhani wamemaliza. Barua ya wilaya haina nguvu kwenye uchochoro wa Tandale kama mwenyekiti wa mtaa hajawahi kukuona. Mwenye nyumba akiwa na shaka hapigi simu wilayani. Anamtuma mtoto kwa mjumbe wa mtaa. Mjumbe akisema "ndiyo, nawafahamu, walipita hapa na barua", kazi imekwisha. Akisema "sijui", kazi imekwisha pia, tena vibaya, kwa sababu katika nyumba tano zijazo mtakuwa mmeshatanguliwa na habari kwamba kuna matapeli wamevaa fulana. Kwa hiyo mtafute mjumbe kabla ya siku ya kwanza, mwachie namba yako ya simu, na siku ya kuingia mtaani umpigie asubuhi.

Hatua ya 2: Lijueni jambo lenyewe

Timu inatakiwa ilijue jambo inalolichangia kwa kiwango cha kujibu swali la muuguzi mstaafu, kwa sababu muuguzi mstaafu yuko kila mtaa. Kwa mfano wetu, kila kijana aweze kueleza kwamba kichwa kikubwa hutokana na maji yanayojaa ndani ya ubongo yakakosa njia ya kutoka, na kwamba upasuaji wa kuweka mpira mwembamba unaoyapeleka maji hayo tumboni hufanyika katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI. Ajue kwamba kuna njia nyingine, iliyoendelezwa jirani zetu, kwenye hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, ambayo huwawezesha baadhi ya watoto kuishi bila mpira huo. Kuhusu mgongo wazi, ajue kwamba uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takribani siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi hawajajua kama wana mimba, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kuanzia kabla ya ujauzito.

Maarifa haya yana kazi ya pili. Mlangoni atatokea mtu atakayesema huo ni ulozi, au mama alikula kisichoruhusiwa. Kijana aliyefundishwa atajibu kwa adabu, bila kubishana, na hata asipopewa shilingi ataacha ukweli katika nyumba ile. Ikiwa ndani kuna binti anayetarajia kuolewa, habari ya foliki asidi itakuwa na thamani kuliko mchango wowote ambao baba yake angeutoa siku hiyo.

Mtoto mgonjwa asibebwe mtaani kuombewa, na picha yake isioneshwe bila ruhusa ya maandishi ya mzazi anayejua itatumika wapi. Kumtembeza mtoto juani ili watu waone huruma ni kumnyang'anya heshima yake, na hakuna kiasi cha fedha kinachohalalisha hilo.

Hatua ya 3: Chagua watu, na uwalipe posho ya uhakika

Tafuta watu sita au saba, wasizidi hapo, kwa sababu kiongozi mmoja hawezi kuwazungukia zaidi ya hao katika jioni moja. Wanaofaa si lazima wawe waongeaji. Tazama anayemsikiliza mwenzake hadi amalize, anayeamkia wakubwa bila kukumbushwa, na anayefika saa aliyoambiwa. Binti mpole aliyewahi kukaa duka la mangi mara nyingi hufanya vizuri kuliko mshereheshaji wa harusi, kwa sababu amezoea kuhesabu fedha za watu mbele ya watu.

Kuhusu malipo nina msimamo, na sitaulegeza: walipe posho ya siku inayojulikana, usiwalipe kwa asilimia ya walichokusanya. Maadili ya chama cha kimataifa cha wachangishaji, Association of Fundraising Professionals, yanakataza malipo ya asilimia, na sababu utaiona mwenyewe ukikaa mtaani wiki moja. Kijana ambaye chakula chake cha usiku kinategemea mlango unaofuata atang'ang'ania. Atamwambia bibi kizee kwamba mtoto atakufa kesho. Atapokea fedha bila risiti. Baada ya hapo utamlaumu yeye, ingawa wewe ndiye uliyemweka katika hali hiyo.

Piga hesabu ya gharama mapema na uionyeshe bodi. Chukua mfano huu, ambao takwimu zake utazibadilisha kufuatana na hali yako. Wachangishaji sita, kila mmoja posho shilingi 20,000 na nauli na chakula 8,000, jumla 168,000. Kiongozi 40,000. Karatasi na uchapishaji 12,000. Siku moja inagharimu 220,000. Kila kijana akipata watu wawili wa kutoa 5,000 kila mwezi, mna ahadi 12, yaani 60,000 mwezi wa kwanza. Huko Uingereza, ambako kazi hii ina miaka mingi, inajulikana kwamba takribani nusu ya walioandikishwa kwa njia hii huacha ndani ya mwaka mmoja. Tuseme sita wanaendelea mwaka mzima na sita wanaacha baada ya miezi mitatu: mtapata 360,000 na 90,000, jumla 450,000. Kwa hiyo karibu nusu ya mapato ya mwaka wa kwanza imerudi kwenye gharama, na faida ya kweli iko kwa wale watakaobaki mwaka wa pili na wa tatu.

Bodi isiyoweza kuvumilia hesabu hiyo isianze. Na mwenye nyumba akiuliza "katika hela yangu, ngapi inafika kwa mtoto?", jibu la kweli litolewe. Sheria ya Uingereza inamtaka mchangishaji anayelipwa aseme kwamba analipwa. Sisi tusisubiri kulazimishwa. "Ndiyo baba, nalipwa posho ya siku, haitegemei kiasi utakachotoa." Sentensi hiyo hujenga imani ambayo fulana yenye nembo haiwezi kuijenga.

Hatua ya 4: Fundisha hodi

Tenga siku nzima ya mafunzo. Asubuhi ni ya jambo lenyewe na taratibu za fedha. Mchana wote ni wa kuigiza: mmoja mwenye nyumba, mmoja mchangishaji, wengine wanatazama. Mwenye nyumba abadilike kila mara, awe mzee asiyesikia vizuri, dada wa kazi aliyeachwa peke yake, mwanaume mwenye hasira, mtu mwenye huruma anayetaka kusimulia ugonjwa wake mwenyewe kwa nusu saa.

Mpangilio wa maneno mlangoni uwe mfupi. Hodi mara tatu, kwa nafasi. Usipojibiwa mara ya tatu, ondoka, hata kama unasikia redio ndani. Ukikaribishwa, salamu ije kwanza na isifanywe haraka: shikamoo kwa mkubwa, asubiriwe hadi aitikie marahaba, aulizwe habari za nyumbani. Kisha kitambulisho kioneshwe kabla hakijaombwa, pamoja na nakala ya barua ya mtaa. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua jioni hii. Natoka kwenye shirika la watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, kitambulisho changu hiki hapa, na hii ni barua ya serikali ya mtaa wenu. Kuna akina mama wanaotoka mikoani kuleta watoto kufanyiwa upasuaji, na wengine wanachelewa kwa kukosa nauli. Tunawaomba majirani wa mtaa huu watuchangie shilingi elfu tano kwa mwezi. Je, mama, utaweza kuwa mmoja wao?"

Baada ya hapo mchangishaji anyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa kijana mgeni, kwa sababu kimya kinamtisha, naye anakijaza kwa kujishusha: "au hata elfu mbili, au hata mia tano, chochote tu mama." Mama alikuwa anahesabu kichwani. Mpe nafasi ahesabu.

Akisema haiwezekani kila mwezi, shuka mara moja tu: "Basi mama, unaweza kutuchangia leo mara moja?" Akikataa tena, shukuru kwa sauti ile ile uliyosalimia nayo, na uondoke. Mwaka 2012 wanauchumi DellaVigna, List na Malmendier walichapisha utafiti walioufanya katika vitongoji vya Chicago. Baadhi ya nyumba ziliwekewa kipeperushi kinachotaja saa ambayo mchangishaji angepita, na waliofungua mlango walipungua kwa kati ya asilimia 9 na 25. Kipeperushi kilipokuwa na kisanduku cha kuweka alama ya "usinisumbue", michango ilipungua kwa kati ya asilimia 28 na 42. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya wanaotoa mlangoni hutoa kwa kuona haya kukataa. Kiongozi anayesoma takwimu hizo anaweza kuamua kuitumia haya ya watu. Nakuomba usifanye hivyo. Aliyetoa kwa kubanwa halipi mwezi wa pili, na akikutana na jirani yake kisimani au saluni atasema jinsi mlivyombana.

Nyumba nyingine haziombwi mchango kabisa. Ukiona turubai na viti vya plastiki vimepangwa uani, hapo kuna msiba: ingia, toa pole, na kama una kitu cha rambirambi toa wewe, usitaje shirika. Ukimkuta dada wa kazi au watoto peke yao, uliza wenyewe watarudi lini na uage. Aliye mlevi, aliyechanganyikiwa, au mzee anayeonekana hajaelewa anachoombwa, usichukue chochote kwake, hata akikulazimisha.

Hatua ya 5: Gawa eneo na saa

Mitaa yetu mingi haina mpangilio wa namba unaotegemeka, kwa hiyo pita eneo wewe mwenyewe siku moja kabla, kwa miguu, uchore. Duka la dawa, msikiti, bomba la maji, gereji, mti wa mwembe: hizo ndizo alama za mipaka. Kila kijana apewe karatasi ya eneo lake na aandike kila nyumba: hakuna mtu, amekataa, amechangia, turudi saa fulani, tusirudi. Safu hiyo ya "tusirudi" iheshimiwe mwaka mzima.

Wapange wawili wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, waweze kuonana. Hakuna kuingia ndani ya nyumba. Barazani inatosha, ukikaribishwa maji yapokelewe hapo hapo nje. Saa nzuri kwa siku za kazi ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, na giza likikaribia wote wawe wamerudi mahali pa kukutania. Jumamosi anza saa nne asubuhi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumbuka ni siku ya usafi. Ijumaa mchana acha watu waende msikitini, Jumapili asubuhi acha waende kanisani. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, watu hawana kitu, na kuwapelekea ombi la kila mwezi wakati huo ni kuwatesa. Wiki ya mshahara, kati ya tarehe 25 na tarehe 5, ndiyo yenye mlango mwepesi.

Kama mnasimama barabarani au nje ya maduka, badala ya kwenda majumbani, ombeni ruhusa ya mwenye eneo na mkae mbali na mlango wa duka. Kanuni za Uingereza ziliwakataza kwa miaka mingi wachangishaji wa barabarani kumfuata mpita njia zaidi ya hatua tatu. Kwangu mimi hata hatua moja ni nyingi. Simama, salimia, akipita amepita.

Hatua ya 6: Fedha ionekane inapita wapi

Namba ya kulipia iwe lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la shirika, kamwe isiwe namba binafsi ya mtu, hata ya mkurugenzi. Sababu ni kwamba mlipaji akiingiza lipa namba, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri. Wafundishe vijana kuitumia nafasi hiyo: "Mama, soma jina lililotokea hapo. Kama si jina la shirika lililo kwenye kitambulisho changu, usiendelee." Tapeli hawezi kukuambia hivyo. Katika mambo yote ya mwongozo huu, sentensi hiyo moja ndiyo ningependa uibebe kama huwezi kubeba mengine.

Mchangishaji asishike simu ya mchangiaji. Mtu anapoweka namba ya siri, kijana ageuke atazame pembeni, aonekane amegeuka. Bibi akisema haoni vizuri na kuomba kijana ambonyezee, aitwe mjukuu au jirani anayemwamini. Asipopatikana, bibi ashukuriwe na apewe karatasi yenye namba, atalipa siku nyingine akitaka.

Fedha taslimu zitakuwepo, usijidanganye. Kila kijana apewe kitabu cha risiti chenye namba mfululizo na nakala, asaini kwamba amekipokea kuanzia namba fulani hadi fulani. Kila mchango uandikiwe risiti, hata sarafu ya 500. Risiti iliyokosewa isichanwe. Ipigwe mstari, ibaki kitabuni na nakala yake. Jioni hesabu ifanywe na watu wawili mbele ya mwenye kitabu, wote watatu wasaini, na kesho yake asubuhi fedha yote iingie akaunti ya shirika bila kutolewa nauli wala soda. Nauli ina fungu lake.

Kwenye fomu ya ahadi andika yale tu yanayohitajika: jina, namba ya simu, kiasi, tarehe, na kama anakubali kutumiwa ujumbe. Namba ya NIDA haina kazi hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kueleza wanazikusanya kwa nini na kuzilinda. Kwa hiyo fomu zisilale kwenye mkoba wa mchangishaji, wala zisipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la timu.

Hatua ya 7: Kiongozi awe mtaani

Kiongozi anayebaki kwenye kibanda cha chipsi akisubiri taarifa kwa simu hajui kinachotokea. Usijipangie lengo la makusanyo yako binafsi. Lengo lako ni kumfikia kila mmoja kila jioni, na mgeni mara mbili. Fika, simama nyuma hatua chache, sikiliza milango miwili bila kuingilia. Usimsahihishe mbele ya mwenye nyumba. Mkishafika uchochoroni mwambie jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja tu la kubadilisha.

Kijana aliyekaa muda mrefu bila kupata chochote utamjua kwa mwendo. Anabisha hodi huku mwili umeshageuka kuondoka. Usimwambie ajitahidi. Mwambie apumzike kidogo, anywe maji, kisha mwende pamoja: milango miwili uongee wewe, yeye asikilize, halafu abishe yeye wewe ukiwa pembeni. Mara nyingi tatizo ni moja kati ya mawili: amefupisha salamu, au ameanza kuomba radhi badala ya kuomba mchango. Yote mawili yanatibika jioni hiyo hiyo.

Matusi yatakuwepo, na kwa mabinti yatakuwepo maneno ya kuwavunjia heshima. Hapo usijadili kiasi cha mchango kinachopotea. Mtoe binti mtaa ule, andika nyumba kwenye safu ya "tusirudi", mpe mjumbe taarifa, na umuulize binti anataka kuendelea au kurudi nyumbani. Akirudi nyumbani, posho yake ni kamili.

Hatua ya 8: Kikao cha jioni

Kiwe kifupi, watu wamechoka. Fedha na risiti kwanza, karatasi za eneo zirudi, kisha kila mmoja aseme mlango mmoja uliomfundisha kitu. Usisome majina kwa mpangilio wa nani amekusanya zaidi. Vijana wanajua tayari, na aliye mwisho hahitaji kutangazwa. Mwenye tatizo la hesabu zungumza naye pembeni. Lakini fedha ikipungua na maelezo yasieleweke mara mbili, huyo anaachishwa kazi bila kelele, na mjumbe anajulishwa kwamba hayupo tena kwenye timu, kitambulisho kikiwa kimeshachukuliwa.

Hatua ya 9: Baada ya mlango

Mchango haujakamilika siku ulipotolewa. Ndani ya saa 24 mchangiaji apate ujumbe wa shukrani unaotaja kiasi alichotoa na namba ya ofisi ya kuuliza. Ndani ya wiki mbili mtu wa ofisini ampigie, asiwe yule aliyemwandikisha, amuulize kama alielewa anachokubali na kama angependa kuendelea. Wengine watajitoa hapo. Waache, kwa shukrani, na uandike sababu, kwa sababu ikiwa wengi wa waliojitoa waliandikishwa na kijana mmoja, umeshajua ni nani wa kumfuata mtaani kesho. Kabla ya siku ya malipo ya kila mwezi tuma ukumbusho mmoja wa heshima. Miezi mitatu ikipita, mweleze fedha imefanya nini: akina mama wangapi wamelipiwa nauli, wametoka mikoa gani.

Jambo la mwisho ni lile ambalo mashirika mengi hayalifanyi. Awamu ikiisha, andika taarifa ya ukurasa mmoja: jumla iliyokusanywa katika mtaa huo, gharama za kukusanya, kilichobaki, kimetumikaje. Usifiche gharama. Ipelekee ofisi ya serikali ya mtaa, omba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na mpe mjumbe nakala yake. Ipeleke wewe mwenyewe kwa mkono, kabla hujaomba ruhusa ya kurudi mtaa huo mara ya pili.